Sangara, Bunduki na Kalamu: Nani Aliiangalia Filamu ya Mapanki Hadi Mwisho?



Naomba leo nifukue jambo ambalo wengi wetu tunadhani lilishazikwa. Nazungumzia Darwin's Nightmare, ile filamu ya Hubert Sauper iliyopigwa Mwanza, ambayo sisi tuliipa jina letu wenyewe: filamu ya mapanki. Ilionyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 2004, ikapata tuzo ya Ulaya ya dokumentari bora mwaka huo huo, ikateuliwa kugombea Oscar mwaka 2006, na mwaka huo wa 2006 ikapata tuzo ya César kule Ufaransa. Mwaka huo huo ndio Rais Jakaya Kikwete aliilaani katika hotuba yake ya mwisho wa mwezi Julai, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga.

Najua kuna atakayesema, "Hayo ni ya zamani, yana faida gani leo?" Jibu langu ni kwamba hatukuwahi kuujadili mzizi wenyewe. Tuligawanyika pande mbili: wanaosema filamu ni ya kweli na wanaosema filamu ni ya uongo. Pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya filamu ambayo wengi waliisoma magazetini tu. Hoja yangu ni hii: katika sakata lile, kosa kubwa halikuwa la aliyeshika kamera. Lilikuwa la walioshika kalamu, wa huko na wa kwetu. Na kosa hilo linarudiwa hadi leo kila filamu ndogo, filamu huru, filamu isiyofuata njia iliyozoeleka, inapoingia kwenye kurasa za magazeti makubwa.

Tuanze na filamu yenyewe, maana huwezi kumhukumu mtu bila kusikia alichosema.

Sauper ni Mwaustria anayeishi Ufaransa. Kabla ya Mwanza alishatengeneza Kisangani Diary, filamu ya 1998 kuhusu wakimbizi wa Kirwanda waliopotelea kwenye misitu ya Kongo. Darwin's Nightmare ina dakika 107. Haina sauti ya msimulizi anayekueleza uamini nini. Inaweka maandishi machache, kisha inakuacha na watu: marubani wa Kirusi na Kiukraini na ndege zao kubwa za Ilyushin, dada anayewaliwaza marubani hao na ambaye anauawa kabla filamu haijaisha, mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa uvuvi anayelinda kwa upinde na mishale ya sumu, watoto wa mitaani, mwenye kiwanda cha minofu, mchungaji, wavuvi. Mtengenezaji anarudia swali moja kwa watu tofauti: hizi ndege zinapokuja Mwanza kuchukua samaki, huwa zimebeba nini?

Hapo ndipo pa kusimama. Filamu nzima ni swali. Mmoja anajibu kwamba ndege huja tupu. Mwingine anacheka. Mwingine anasema hajui. Mwandishi wa habari wa Mwanza, Richard Mgamba, anasema mbele ya kamera kwamba ndege hizo zinahusika na silaha za vita vya ukanda wetu. Karibu na mwisho rubani mmoja, kwa uchungu unaoonekana usoni, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka vifaa vya kivita Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika Kusini. Angola. Zabibu. Hazungumzii Mwanza wala sangara. Na katika dakika zote 107, hakuna hata sanduku moja la risasi linaloshushwa uwanja wa ndege wa Mwanza mbele ya macho ya mtazamaji.

Je, magazeti yaliandikaje? Yaliandika kwamba filamu inaonyesha ndege zikileta silaha Mwanza na kuondoka na samaki. "Inaonyesha", ndugu zangu. Neno hilo moja ndilo lililobeba mzigo wote. Kati ya "fulani anasema" na "filamu inaonyesha" kuna umbali wa Mwanza hadi Paris. Mhakiki aliyekaa kwenye kiti laini, akatoka ukumbini ameguswa (na ana haki ya kuguswa), akageuza swali kuwa jibu na tuhuma kuwa tukio. Mhariri wake hakuuliza, kwa sababu ukurasa wa filamu hauhesabiwi kuwa ukurasa wa habari. Siku ya pili sentensi ile ikanakiliwa na gazeti jingine, na baada ya mwezi ikawa ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Mimi naishi Buffalo, jimbo la New York, mtaa wa Kensington-Bailey. Mtaa wetu uko kaskazini mashariki mwa jiji na watu wake ni wa kawaida kabisa: wengi Wamarekani weusi, na wahamiaji tulioongezeka. Siku moja, jirani yangu, mzee mstaarabu aliyestaafu, alisikia natokea upande wa Ziwa Victoria akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Ni huko wanakobadilishana samaki kwa bunduki?" Nilimuuliza kama ameiona filamu. Hakuiona. Alisoma. Mzee yule hana kosa, alifanya kile raia mwema anachotakiwa kufanya, alisoma gazeti. Lakini tazameni jinsi nchi nzima ilivyofupishwa ikatosha kwenye sentensi moja, na sentensi hiyo haimo kwenye filamu.

Sasa twende kwenye jambo la pili, la sangara mwenyewe.

Maandishi ya matangazo yaliyosambazwa na filamu yalisema kwamba sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1960 kama jaribio dogo la kisayansi, na kwamba alimaliza karibu samaki wote wa asili. Maneno hayo mtayakuta kwenye magazeti mengi karibu neno kwa neno. Hiyo inakuonyesha kazi ilivyofanyika: karatasi ya matangazo ilikatwa ikabandikwa.

Ukweli unapatikana, na ulikuwa unapatikana hata wakati huo. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950, akitolewa Ziwa Albert, na wengine wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliofanya hivyo walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni waliotaka samaki mkubwa, wa kuvua kwa mchezo na wa kula, atakayegeuza furu wadogo kuwa nyama ya kuuzika. Na wanasayansi? Wanasayansi ndio waliopinga! Kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilikuwa Jinja, na mtafiti Geoffrey Fryer aliandika waziwazi mwaka 1960 kueleza kwa nini ni hatari kumtia samaki yule ziwani. Hakusikilizwa. Kwa hiyo aliyeandika "jaribio la kisayansi" amemfungulia mashtaka yule aliyekuwa anapiga kelele azuie, na amemwachia huru ofisa wa kikoloni aliyefanya. Hilo si kosa dogo la tarehe. Hilo linabadilisha mkosaji.

Na je, samaki wote walikwisha? Hasara ilikuwa kubwa na sitaki mtu anielewe vibaya. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na inakadiriwa takribani 200 zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi Mwanza walilishuhudia likitokea, na mmoja wao, Tijs Goldschmidt, akaliandikia kitabu mwaka 1994. Lakini dagaa hakwisha. Dagaa ndiye chakula cha mamilioni hadi leo. Tangu miaka ya 1990, sangara alipoanza kuvuliwa sana, baadhi ya furu walianza kuonekana tena. Tena sangara hakuwa peke yake: mbolea, udongo na uchafu unaotiririka ziwani ulififisha maji, na furu wanaotambuana kwa rangi wakashindwa kutambuana. Gazeti lililoandika kwamba ziwa limebaki tupu na sangara mmoja mkubwa anakula watoto wake, liliandika hekaya. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mwaloni Kirumba na kuona dagaa wanavyoanikwa angeweza kulisahihisha bure.

Jambo la tatu ni mapanki, ambalo ndilo lililotuuma zaidi.

Kwa wasiojua, kiwanda kikitoa minofu, hubaki kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikilia mifupa. Hayo ndiyo mapanki. Hukaangwa, huuzwa, na watu huyala. Katika filamu kuna picha za mapanki yakianikwa juani, funza wakitambaa, mama akiwa katikati ya harufu inayoumiza macho. Picha hiyo mtu akiiona haisahau. Wakosoaji wakasema yale yaliyooza ni ya chakula cha mifugo. Wengine wakajibu kwamba watu wanayala. Waandishi wa nje wakaandika kwamba Watanzania wanalishwa mizoga wakati minofu inapanda ndege. Wa kwetu wakajibu kwamba hakuna Mtanzania anayekula mapanki kwa shida, ni kitoweo kama vitoweo vingine.

Nani alisema kweli? Kwa maoni yangu, hakuna. Mapanki huliwa, na huliwa na nani? Na yule ambaye bei ya minofu, hata ya sato, imemshinda. Kusema ni kitoweo tu kama vitoweo vingine ni kumficha maskini ili wageni wasimwone. Lakini kusema taifa zima linakula funza ni kumdhalilisha yule yule maskini mbele ya wageni. Mwandishi makini angeuliza maswali matatu mepesi: mapanki haya yanatoka wapi, yanauzwa shilingi ngapi, na yanaishia sahani ya nani? Ni kazi ya siku mbili kwa mwenye daftari na nauli ya daladala. Magazeti makubwa ya Ufaransa yalituma waandishi Mwanza mwaka 2006, lakini baada ya ugomvi kuwaka, baada ya tuzo, baada ya miito ya kususia sangara kusikika huko kwao. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Sasa, ndugu zangu, tusijifanye malaika. Tugeuze kioo tujitazame.

Rais alipotoa hotuba ile mwaka 2006, magazeti yetu yalipata nafasi ya dhahabu. Yangeweza kuchapisha yaliyomo ndani ya filamu, tukio kwa tukio, nani kasema nini, kisha yakamhoji msemaji wa uwanja wa ndege, wenye viwanda, wavuvi, watafiti. Mengi yalichagua kuripoti hotuba na maandamano. Kati ya wale waliobeba mabango Mwanza, ni wangapi walikuwa wameiona filamu yenyewe? Waliandamana kupinga muhtasari. Kwa hiyo tulifikia mahali pa ajabu kabisa: Mzungu Ulaya ameshawishika na filamu aliyosimuliwa na gazeti, na Msukuma Mwanza amekasirishwa na filamu hiyo hiyo aliyosimuliwa na gazeti, na kanda yenyewe imekaa katikati kama mgonjwa ambaye ndugu wanagombania matibabu yake bila kumuuliza anaumwa wapi.

Na gharama ilikuwepo, tena ililipwa na mtu mwenye jina. Richard Mgamba, yule mwandishi aliyezungumza ndani ya filamu, alihojiwa na polisi baada ya hotuba, na hata uraia wake ukaanza kuulizwa. Tafakarini hilo. Mwandishi wa Kitanzania alitoa maelezo ambayo unaweza kuyakubali au kuyakataa kwa ushahidi. Badala ya kujibiwa kwa ushahidi, akaulizwa kwao ni wapi. Na ni nini kilichorahisisha hilo? Ni ile sentensi ya "filamu inaonyesha". Kama magazeti ya dunia yangeandika kwa usahihi kwamba mwandishi mmoja anadai hivi, rubani mmoja anakiri vile kuhusu nchi nyingine, na mtengenezaji anauliza, basi serikali ingetakiwa kujibu swali. Lakini kwa kuwa yaliandika kana kwamba kila kitu kimeshathibitishwa, serikali ilipata kitu rahisi zaidi cha kufanya: kukanusha. Ukitia chumvi, unampa mkosaji njia ya kutorokea. Atakanusha chumvi, na nyama itasahaulika.

Na nyama ilikuwepo. Mnakumbuka tarehe 23 Machi 2005, Ilyushin iliyobeba samaki ilianguka ziwani mara tu baada ya kuruka kutoka Mwanza, wafanyakazi wote 8 wakafa. Ndege za aina gani zilikuwa zinatua kwetu, zimesajiliwa wapi, zinakaguliwa na nani, zilikuwa zinatokea wapi? Hayo yalikuwa maswali ya haki kabisa kwa Bunge na kwa mwandishi yeyote. Yalizama kwenye kelele za mapanki.

Kule Ufaransa nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwanahistoria François Garçon aliishambulia filamu kwenye jarida la Les Temps modernes, kisha akatoa kitabu mwaka 2006. Baadhi ya maswali yake yalikuwa mazuri, hasa kuhusu silaha: ushahidi uko wapi? Lakini alikwenda mbele zaidi, akadai Sauper aliwalipa watoto waigize. Sauper akamshitaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kashfa. Mwaka 2009 rufaa ikathibitisha. Habari zikatoka kana kwamba mahakama imeithibitisha filamu. Hapana! Mahakama iliamua kuhusu kumchafulia mtu jina. Haikuamua ndege zilibeba nini. Hata hapo, ambapo hukumu imeandikwa na inasomeka, waliona bora kuandika nani kashinda kuliko kuandika nini kimeamuliwa.

Kuna wanaosema, na ni hoja ya haki, kwamba mhakiki wa filamu si mpelelezi. Kazi yake ni kusema kama filamu inagusa, imepangwaje, picha zinasema nini. Hana bajeti ya kwenda Mwanza. Nakubali. Lakini simdai aende Mwanza. Namdai aandike kilichomo kwenye kioo alichokitazama. Hiyo haihitaji nauli, inahitaji masikio na uaminifu. Wengine watasema lawama ni ya Sauper mwenyewe, kwa sababu alizipanga picha zake ili mtazamaji aunganishe ndege na bunduki bila yeye kutamka. Na hilo lina uzito. Mtu akikuwekea kiberiti kando ya mafuta akakaa kimya, huwezi kusema hakusema kitu. Ndiyo maana mhakiki anahitajika! Kazi yake ni kumwambia msomaji: "Angalia, hapa mtengenezaji ameweka picha hii kando ya ile, akataka wewe uunganishe, lakini kiungo chenyewe hakukionyesha." Mhakiki aliyeunganisha kimya kimya na kuandika kiungo kama habari, amekuwa mpambe wa filamu huku akilipwa kama mhakiki.

Niruhusuni niseme neno kuhusu huku ninakoishi, maana lina somo. Wengi hawajui kwamba Buffalo, mji wa theluji na viwanda vilivyofungwa, ulikuwa moja ya makao makuu ya filamu za majaribio duniani. Chuo Kikuu cha Buffalo, ambacho kampasi yake kongwe iko jirani na mtaa wetu, kilikusanya miaka ya 1970 watu kama Hollis Frampton, Paul Sharits, Tony Conrad na James Blue. Huyu James Blue alifariki hapa Buffalo mwaka 1980. Kabla ya hapo, yeye na David MacDougall walikwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakatengeneza Kenya Boran, filamu ya 1974. Inawafuata vijana wa Kiborana, mmoja shuleni, mwingine mchungaji, na baba zao wanaojiuliza kama shule itawaletea au itawanyang'anya. Waborana wanazungumza kwa lugha yao, kwa kirefu, na tafsiri inaandikwa chini ya picha. Hakuna anayewasemea.

Na Tony Conrad, mtu aliyejulikana kwa filamu ngumu za mwanga unaopepesa, kati ya 1990 na 1993 alisimama na wenzake mbele ya jengo la halmashauri ya jiji la Buffalo na kamera ya televisheni ya jamii, akiwauliza wapita njia wana la kusema. Basi, ndiyo kazi yote. Watu wa mitaa kama huu wetu, ambao gazeti huwakumbuka risasi ikilia, walionekana wakijieleza wenyewe. Jiji hili limebaki na gazeti moja kubwa la kila siku tangu Courier-Express lilipofungwa mwaka 1982. Pakiwa na gazeti moja, kosa moja halina wa kulisahihisha. Hapo utaelewa kwa nini kamera ndogo ina thamani, na kwa nini kuiandika vibaya ni kuinyamazisha mara ya pili.

Hata mambo mepesi tunayakosea. Mwaka 2001 Tanzania iliwasilisha Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, kwenye mchujo wa Oscar. Miaka 21 baadaye ikawasilishwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Kuwasilishwa ni nchi kupeleka jina. Kuteuliwa ni kuingia fainali. Filamu zote mbili ziliwasilishwa, wala hazikuteuliwa. Lakini sikilizeni watu wetu wanavyoandika: "iliyoteuliwa Oscar." Mtasema ni uzalendo. Nasema uzalendo wa namna hiyo unatunyima heshima ya kweli. Vuta N'Kuvute ilichaguliwa tamasha la Toronto mwaka 2021, na hiyo peke yake ni habari ya kutosha kujivunia. Ukiongeza uongo juu ya sifa ya kweli, anayegundua uongo ataitilia shaka na sifa.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na kila mmoja wetu anaweza kuyaanza bila kusubiri wizara.

Kwanza, tusiishabikie wala kuilaani filamu ambayo hatujaiona. Mtu akileta hoja, aulizwe: dakika ya ngapi? Nani anasema? Kwa lugha gani?

Pili, sisi tunaojua Kiswahili tutumie silaha hiyo. Filamu nyingi kuhusu kwetu zina watu wanaozungumza Kiswahili, na mhakiki wa London au New York anasoma tafsiri tu, ambayo mara nyingi imefupishwa. Sisi tunasikia kejeli, tunasikia woga, tunasikia kitu kilichoachwa. Tukiona gazeti limekosea, tuandike kwa mhariri, kwa adabu, tukitaja tukio na maneno. Barua ya hasira hutupwa, barua yenye ushahidi humsumbua mhariri usingizini.

Tatu, waandishi wa nyumbani wakome kunakili uhakiki wa nje kuhusu mambo yaliyoko mlangoni kwao. Mwandishi wa Mwanza anayenukuu gazeti la Paris kuhusu samaki wa Mwanza ni sawa na mvuvi anayenunua samaki wa kopo.

Nne, tudai kwamba filamu za namna hii zionyeshwe hadharani huko zilikopigwa, na waliomo ndani yake wapewe nafasi ya kujibu. Mwenye hofu na filamu aihofie baada ya kuiona.

Msije mkadhani haya ni mambo ya wasomi na wapenda sinema. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, tuliona nani huumia kwanza. Si mwenye kiwanda. Ni mvuvi, ni kijana wa kupakia barafu, ni mama muuza chai mwaloni. Sababu ya mwaka ule ilikuwa ya kweli, na dawa yake ilijulikana: acheni sumu. Lakini mtu akikususia kwa sababu ya sentensi iliyokosewa na mhakiki, utaacha nini ili akurudie?

Na mlinzi yule wa usiku, na dada yule aliyeuawa, na wale watoto, walimpa mgeni maisha yao ayabebe kwenye kamera. Alichofanya nacho tunaweza kumhoji. Lakini walistahili angalau jambo moja kutoka kwa kila aliyeandika habari zao kwa kulipwa: kwamba maneno yaliyoandikwa ni yale waliyoyasema.

Naomba kuwasilisha.